YAH: Kuanguka Kwangu

Nyumbani,
Alhamisi, 7 Machi

Mwanangu Msimamizi,

YAH: KUANGUKA KWANGU

Nimetoka hospitali jana. Nakuandikia kwa mashine yangu ya chapa kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi hata ya kuvuta pumzi, na nusu ya maneno yangu mtandao wa huko kambini kwenu kwenye ujenzi wa daraja unayala. Barua huwezi kuikatiza. Kaa chini uisome mpaka mwisho, kama wanavyokaa wateja wangu.

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyonijaa. Nimelala pale wodini, dripu mkononi, macho wazi, akili zangu zote ninazo, na daktari kijana amesimama ubavuni mwangu anaongea nawe kwenye simu. Anakuuliza, mama anakula vizuri? Mama analala? Mama anasahausahau vitu? Na wewe uliye mbali huko unamjibu. Mimi nilikuwa hapo hapo, mwanangu. Ningenyoosha mkono ningemshika koti. Hakuna aliyeniuliza mimi mpaka ulipokata simu.

Alipogeuka kwangu, swali la kwanza likawa leo ni tarehe ngapi. Ananiuliza mimi, ambaye tarehe ndiyo kitu cha kwanza ninachopiga kila nikiweka karatasi mpya kwenye mashine. Halafu nihesabu kutoka mia kurudi nyuma kwa kuruka saba saba. Nilimhesabia mpaka akachoka yeye. Nikamuuliza kama anataka na majina ya wakuu wa ofisi wote niliowapigia chapa barua, kuanzia wa kwanza. Alicheka, lakini aliandika kitu kwenye faili.

Sasa nikueleze nilivyoanguka, maana wewe umeshajieleza mwenyewe. Ilikuwa Jumatatu, siku ya kwanza kurudi kazini tangu likizo yako iishe. Nilikuwa nimemaliza maombi ya mirathi ya mzee mmoja kiziwi, nikainuka kumpa karatasi zake. Macho yakaingia giza. Nilichosikia ni sauti ya jirani yangu Bahasha kutoka meza yake ya stempu na bahasha, halafu sikusikia tena. Nilipozinduka niko sakafuni pale barazani, ubavu unauma, na yule mzee bado amesimama anangoja nimwambie asaini wapi. Mashine haikuanguka, nashukuru Mungu.

Na sasa nasikia kwa Bahasha, si kwako, kwamba umemwomba aje kumwonyesha mpangaji vyumba vya nyumba yangu. Vyumba vyangu, na mimi nimo ndani. Nimeanguka mara moja tu na tayari nimeshapangishwa.

Sihami. Daktari ameniambia nirudi Jumanne nibebe kila dawa niliyo nayo kwenye mfuko mmoja, hata ya mafua. Nitakwenda mwenyewe, kwa miguu yangu.

Mama yako, mwenye akili zake zote

NAKALA: Bahasha, asije akamfungulia mtu mlango.


Kambini,
Jumapili, 10 Machi

Mama, shikamoo.

Nimeisoma mpaka mwisho, nikiwa nimekaa kama ulivyoamuru. Sasa na wewe nisome.

Hasira unazo wewe, mimi nazo zimenifika hapa shingoni. Kliniki ile imekuchezea, mama. Mwaka mzima unakwenda, mwaka mzima presha haishuki, na kila ukienda wanakuongezea. Ulianza na kidonge kimoja. Nilipokuja likizo nilikuta viko vinne, na viwili kati yake vimeshapandishwa nguvu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu anakunywa dawa zote hizo na hashuki? Nimeshamwandikia huyo daktari wako. Sikumbembeleza.

Na asije akaniambia hukutumia dawa. Nilikusimamia mwenyewe. Likizo nzima sikukuruhusu kwenda kazini, na kila asubuhi nilikuwa mbele yako na glasi ya maji mpaka umeze nikiona. Ulikuwa unaninunia na bado sikuondoka. Uliniahidi, nikiwa napanda basi, kwamba hutaacha hata kimoja.

Lakini pia nilikuona unavyoshika ukuta ukienda jikoni, mama. Ulidhani sikuona. Nilikuona siku ya kwanza, nikakuona siku zote zilizofuata, na kila siku ulizidi. Huo ni umri. Hakuna ubaya, kila mtu anazeeka, ila mtu anayetembea kwa kushika ukuta haachwi akae peke yake.

Halafu hujijali. Hilo nalijua tangu nasoma shule ya msingi. Nikitoka shule nilikuwa napitia pale mezani kwako, na kila siku nakuta kikombe chako cha chai kimejaa, kimepoa, hujagusa. Nilikuwa nakinywa mimi. Nilijua umeniwekea, na mpaka leo nikinywa chai iliyopoa nakukumbuka. Lakini sasa nimekuwa mtu mzima na naona kitu kingine. Naona mwanamke anayekaa kutwa nzima hajala wala hajanywa, na hakuna wa kumwambia.

Mwisho wa mwezi nakuja na gari. Utakaa kwangu na mkweo, mnapatana, kelele za wajukuu utazizoea. Nyumba itapata mpangaji mzuri. Nikipigiwa simu tena kwamba umeanguka, nami niko huku juu ya daraja, sijui nitafanya nini. Naogopa, mama. Basi.

Mwanao, Msimamizi


Nyumbani,
Jumanne, 12 Machi

Kwa Daktari wa Zamu,
Wodi ya Wanawake

YAH: JIBU SAHIHI LA SWALI ULILONIULIZA LEO

Daktari,

Leo ulinilaza ukanipima presha, ukanisimamisha ukanipima tena, nikaona uso wako umebadilika. Ukaniuliza kwa upole kama zipo siku naruka dawa. Nikakujibu hakuna. Nilikudanganya, na nimekaa na huo uongo tangu asubuhi haushuki.

Usinielewe vibaya. Mimi ni mjane, mtu mzima, na wewe ni kijana wa kiume unayeweza kuwa mjukuu wangu. Yapo mambo ambayo mdomo wangu hautayasema mbele yako hata uniwekee dripu kumi. Mashine haina aibu, kwa hiyo nimeiachia iseme.

Kile kidonge kidogo cheupe kikishaingia tumboni, haipiti saa nzima naenda haja ndogo. Nikirudi, naenda tena. Mimi nafanya kazi kwenye baraza la ofisi za serikali, na meza yangu ipo pale tangu hujazaliwa. Nyuma ya jengo kuna choo. Kina kufuli, na mlangoni kuna karatasi inayosema WATUMISHI TU. Mimi si mtumishi, ingawa barua zao nyingi zinatoka kwenye vidole vyangu. Wanaume wanamaliza shida zao nyuma ya ukuta. Sisi wanawake tunabana mpaka jioni. Choo kingine kipo kituo cha mabasi, na siwezi kuacha mashine na karatasi za watu nikaenda huko kila saa.

Kwa hiyo siku za kazi simezi. Jumamosi na Jumapili nameza vizuri kabisa. Kliniki yenu ni siku ya kazi, ndiyo maana mkinipima mnakuta presha iko juu. Muuguzi akiniuliza natumia dawa, nasema ndiyo, kwa sababu wanaosema hapana mnawasimamisha mbele ya benchi na kuwasema kama watoto walioiba sukari. Nilimwona mwanamke wa rika langu akilia pale, anajifuta kwa kanga, na watu wote wanatazama sakafu. Mimi nikaapa hainipati. Basi mkaongeza, mkaongeza, nami nikaendelea kusema ndiyo.

Mwezi uliopita mwanangu alikuja likizo. Akanizuia kazini, akanisimamia na glasi. Nikameza zote, kila siku. Kizunguzungu kilianza hapo hapo. Alipoondoka nilikuwa nimemwahidi, na mimi ahadi naiheshimu, kwa hiyo Jumatatu ile nilimeza zote nikaenda kazini. Ili nisiaibike mbele za watu, sikutia tone la maji mdomoni tangu naamka. Yaliyobaki unayajua.

Naomba usimwambie mwanangu. Sababu si choo peke yake. Akijua ni mkono wake ulionipa kilichoniangusha, hatajisamehe. Yeye ni mkali kwa nje tu.

Nikumbushe na hili, kwa kuwa nimeshakalia mashine. Siku nyingine mgonjwa akiwa macho, muulize yeye kwanza.

Mimi mgonjwa wako, kitanda cha dirishani


Hospitali,
Ijumaa, 15 Machi

Mama, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya pili niliisomea koridoni nikitembea, kwa sababu nilishindwa kukaa. Hasira yangu haikuhusu wewe.

Nililitoa faili lako nikaanza mwanzo. Kila aliyekuona aliitazama namba ya presha, akaongeza dawa, akasaini. Saini moja ni yangu. Hakuna aliyekusimamisha akakupima, na hakuna aliyekuuliza unapofanyia kazi. Dozi zile zilipandishwa kwa ajili ya mtu ambaye hazimezi. Ulipoanza kuzimeza zote kila siku, presha iliporomoka kila ulipoinuka. Ukijumlisha na kiu ya kutwa nzima, ilikuwa lazima uanguke. Damu yako imeonyesha pia kwamba chumvi mwilini imeshuka sana, na hiyo ni kazi ya kile kidonge cheupe.

Sasa sikiliza, mama yangu. Kidonge cheupe kiache kuanzia leo. Kati ya vile vitatu vilivyobaki, endelea na kimoja tu, kile cha njano, nacho umeze jioni ukishafika nyumbani. Vile vya maumivu ya vidole ulivyonunua dukani, nilivyovikuta chini kabisa ya mfuko wako, usiviguse tena. Vinapandisha presha na kuumiza figo, kwa hiyo huku sisi tunaishusha, huku wewe unaipandisha. Nimekuandikia mafuta ya kuchua. Ukitaka kuinuka, kaa kwanza ukingoni mwa kiti, hesabu kumi, ndiyo usimame. Na unywe maji, mchana, ukiwa kazini.

Hapo kwenye maji ndipo tiba yangu inapokwama. Nina kalamu na karatasi ya dawa, lakini siwezi kukuandikia choo. Nimekwenda kukiona mwenyewe jana nilipotoka zamu. Nilijaribu mlango, mlinzi akaniuliza mimi ni mtumishi wa idara gani.

Benchi la kliniki nimeshalisemea kwenye kikao. Hawakufurahi.

Mwanao ameniandikia barua kali na sina budi kumjibu. Nitamweleza mambo ya dawa kama ulivyoniruhusu jana ulipokuja kuchukua majibu. Sababu ni yako, sitaitaja.

Na kuhusu ile simu juu ya kitanda chako, una haki ya kukasirika. Nisamehe.

Daktari wa Zamu


Hospitali,
Ijumaa, 15 Machi

Ndugu Msimamizi,

Barua yako ya tarehe 10 nimeipata, na sehemu kubwa ya malalamiko yako ni ya haki.

Kwa ruhusa ya mama yako nakueleza yafuatayo. Kwa muda mrefu hakuwa anatumia dawa kwa mpangilio ulioandikwa. Sisi hatukulijua hilo, tukawa tunaongeza dozi. Alipoanza kuzitumia zote kwa wakati mmoja, presha ilishuka mno akiwa amesimama. Moyo wake tumeupima, uko salama. Dawa tumezipunguza, na akifuata utaratibu mpya sina sababu ya kitabibu ya kumzuia kuishi kwake wala kufanya kazi yake.

Maswali mengine ni vizuri ukamuuliza mwenyewe.

Daktari wa Zamu, Wodi ya Wanawake


Kambini,
Jumapili, 24 Machi

Mama, shikamoo.

Kumbe. Mwaka mzima ninatuma ujumbe, mama umekunywa dawa, unanijibu nimekunywa. Mwaka mzima naringa kwa wenzangu hapa kwamba mama yangu akiambiwa kitu na daktari anakifuata. Na kumbe huzimezi.

Nimejiuliza kwa nini, sipati jibu ila moja. Unasahau. Unasahau, na unasahau kwamba umesahau, ndiyo maana unanijibu bila wasiwasi. Huyo daktari anasema maneno yake ya kitabibu, ati unaweza kuishi peke yako. Yeye akifunga faili lako anafungua la mwingine. Mimi mama ninaye mmoja.

Mkweo amenipa mfano wa bibi yake, aliyeanza hivyo hivyo na dawa, mwisho akaacha jiko linawaka akaenda sokoni. Sikutaka kusikia, lakini nimesikia.

Jumapili ijayo tarehe 31 niko hapo na gari. Mpangaji anaingia tarehe moja. Funga vitu unavyovipenda, vingine vitakuja baadaye. Mashine njoo nayo, utawapigia wajukuu majina yao wafurahi. Usinijibu kwa hasira mama, nakuomba. Nimeshaamua, na nimeamua kwa sababu nakupenda.

Mwanao


Nyumbani,
Jumanne, 26 Machi

Mwanangu,

YAH: VIDONGE NILIVYOVIACHA

Sikusahau hata kimoja. Kila nilichokiacha, nilikiacha kwa makusudi, na naweza kukutajia siku zake.

Ungeniuliza. Hilo ndilo linalonichoma. Umejiuliza mwenyewe ukajijibu mwenyewe, ukanipakia kwenye gari mwenyewe. Niwapigie wajukuu majina yao wafurahi. Mimi niliyewaombea watu viwanja, mirathi, vyeti vya kuzaliwa na vya kufa, leo niwe mchezo wa kuchezeshea watoto.

Nilitaka kunyamaza. Nilimwomba daktari anyamaze. Lakini naona kunyamaza kwangu ndiko kunakonifukuza kwenye nyumba niliyoachiwa na baba yako, kwa hiyo aibu na ikae pembeni. Isome hii ukiwa peke yako.

Kimoja kati ya vidonge vile kinanipeleka chooni kila mara. Pale kazini sina choo. Kipo, kina kufuli, ni cha watumishi tu. Karatasi ya mlangoni niliipiga mimi, mkuu wa ofisi wa zamani aliniletea maneno, nikayapiga kwa herufi kubwa na kumpa, nikijua wazi ananifungia nje. Ndiyo kazi yangu, napiga ninacholetewa. Kwa hiyo tangu nimekalia kiti kile nimekuwa nabana. Nilipoanzishiwa dawa, haja ikawa haibaniki tena, nikaona heri niziache siku za kazi. Ningekuambiaje? Wewe ni mwanangu wa kiume. Hata baba yako sikuwahi kumwambia.

Sasa ile chai. Umeniandikia kwamba nilikuwekea. Mwanzoni sikukuwekea, mwanangu. Mama yake Bahasha, aliyekuwa na meza ile kabla yake, alikuwa ananiletea kikombe kila asubuhi kwa upendo wake, na mimi niliogopa kukinywa. Kingenipeleka wapi? Nikawa nakitazama kinapoa. Siku moja ukatokea na mkoba wako, ukakinywa chote, ukafuta mdomo kwa mkono wa shati, ukacheka. Kuanzia siku hiyo nilikuwa namwambia aniwekee sukari ya kukutosha wewe. Kwa hiyo ulivyoamini ni kweli, na nilivyokuambia mimi sasa ni kweli.

Lipo jingine, nalo nililificha kwa ajili yako. Glasi ile uliyonishikia likizo nzima ilikuwa ya mapenzi tupu, na ndiyo iliyonilaza sakafuni. Ulinipa dawa za mtu asiyezitumia, zote kwa mpigo, siku baada ya siku. Nilikuwa nashika ukuta kwa sababu hiyo. Haukuwa umri. Hukujua, na mimi niliyejua nilinyamaza, basi tugawane. Nakuambia ili usije ukamlaumu kijana wa watu, na ili ujue kwamba kumpenda mtu na kumuuliza ni vitu viwili.

Gari lije likitaka, lije tupu na lirudi tupu. Mimi Jumatatu niko kazini. Na kabla ya kumpigia mteja yeyote nitapiga barua yangu mwenyewe kwa mkuu wa ofisi. Miaka yote hii nimewaombea wengine, kujiombea mwenyewe sijawahi hata mara moja.

Mama yako


Kambini,
Ijumaa, 29 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua imenikuta kazini, nikaenda kuisomea nyuma ya tangi la maji. Ulisema nisome peke yangu, ulijua.

Nimemwambia mpangaji hapana. Alilalamika, akasema nimemwaibisha mbele ya mke wake. Nikamjibu aungane nami, hata mimi nimeaibika.

Sasa ile glasi. Kila nikifumba macho naiona mkononi mwangu, na wewe umeninunia, na mimi najiona mtoto mwema. Naomba unisamehe. Najua utaandika kwamba hakuna cha kusamehe, lakini niache niombe.

Nikuambie kinachonichemsha zaidi. Hapa kambini, kabla hatujamwaga zege la kwanza la daraja, tunajenga vyoo. Vya wanaume upande huu, vya wanawake upande ule, hata akiwa ni mpishi mmoja tu. Bila hivyo hatupewi kibali cha kuanza. Na mkaguzi wake ni mimi. Natembea na faili, nasukuma milango, nagomba kama hakuna maji. Mimi, mama. Nimewagombea vyoo wanawake nisiowajua hata majina, na mama yangu aliyenizaa amekaa amebana maisha yake yote umbali wa hatua chache kutoka kwenye mlango uliofungwa, nikinywa chai yake.

Nakuja Jumapili kama nilivyosema. Sileti gari. Nakuja na mkasi wa kukatia vyuma. Lile kufuli halitalala pale.

Mwanao


Barazani, mezani kwangu,
Ijumaa, 19 Aprili

Mwanangu Msimamizi,

YAH: KUFULI

Tangu uondoke sijakuandikia kwa sababu nilikuwa sipigi chapa. Sasa nitakueleza.

Kwanza, nilifanya vema kukufichia ule mkasi chini ya kitanda Jumapili ile, na wewe ulifanya vema kuangua kicheko badala ya kunikasirikia. Ungelikata, ungelala rumande, na kesho yake wangetundika jingine kubwa zaidi. Mimi kazi yangu ni karatasi.

Barua niliipiga Jumatatu ile, nzuri, haina kosa hata moja. Nilieleza kwamba raia wanaongoja barazani tangu asubuhi ni watu wenye matumbo na vibofu, na kwamba mimi nimeanguka na daktari yupo tayari kusema sababu. Bahasha alisaini, kijana anayepiga picha za pasipoti hapa barazani akasaini, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakagombania kalamu. Daktari aliongeza yake, fupi, yenye muhuri.

Jibu likaja. Wameridhia. Funguo itakaa kwa mlinzi, na mwenye shida atakwenda kwake, ataeleza shida yake, ataandika jina kwenye daftari, atapewa funguo, atairudisha.

Nilisoma mara moja tu. Yaani mimi nisimame mbele ya kijana yule, anakula karanga, nimweleze shida yangu ni ndogo au kubwa. Nilifunika mashine kwa kitambaa chake, nikakunja mikono. Bahasha akanitazama, akafunga sanduku la bahasha na stempu. Kijana wa picha akaweka kofia juu ya kamera.

Ulishawahi kuwaza ofisi ile inaendeshwa na nani? Mashine yao ya kuchapia imekufa tangu mwaka juzi, wanajua njia ya kuja mezani kwangu na vikaratasi vyao vya mkono. Watu walianza kurundikana barazani, maombi mikononi, wanaambiwa leteni yakiwa yamepigwa chapa, wanageuka kunitazama, na mimi nawaambia kwa adabu kwamba naumwa kwa amri ya daktari mpaka choo kifunguliwe. Yule mzee kiziwi wa mirathi hakusikia neno, lakini alipoonyeshwa kufuli alielewa, akaenda kukaa mlangoni pa mkuu na fimbo yake. Hakuna aliyeweza kumwondoa kwa maneno.

Mkuu wa ofisi alikuja mwenyewe jana. Alisimama mbele ya meza yangu, akaniita mama, akasema, "Tumeliondoa. Naomba utupigie na tangazo jipya la mlangoni."

Nikamuuliza, "Liseme nini?"

Akafikiri, akasema niandike ninavyoona. Nikaifunua mashine nikapiga neno CHOO. Nikamwambia inatosha, kila mtu anajua cha kufanya akikiona.

Usidhani nimefurahi sana. Nimekasirika zaidi kuliko siku niliyoanguka. Kwamba kilikuwa kitu cha kuondolewa kwa mkono mmoja, asubuhi moja, na mama yake Bahasha amekwenda kaburini hajawahi kukiona ndani. Nilipoingia mara ya kwanza nilikuta kisafi, vigae vyeupe, sabuni ipo. Nililia mle ndani, mwanangu. Nililia kwa hasira, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Daktari amenipima juzi nimelala, akanipima nimesimama, akanionyesha namba mwenyewe, mimi kwanza. Zimetulia. Kidonge ni kile kimoja, jioni, na nikikuambia nimekunywa ujue nimekunywa. Likizo ijayo njoo, ila glasi nitashika mwenyewe.

Leo asubuhi Bahasha ameniletea chai. Nimeinywa ikiwa moto, nimeimaliza, nikakaa ukingoni mwa kiti nikahesabu kumi, nikaenda zangu, nikarudi. Sasa hivi nimeagiza ya pili. Ukipita hapa ukitaka chai, agiza yako.

Mama yako,
Mpiga Chapa

NAKALA: hakuna. Hii ni yako peke yako.